Siku Bawabu Alipoulizwa

Bawabu wa ofisi ya maji alikuwa na ugonjwa mmoja, nao aliupata kazini. Alikuwa akiuliza. Miaka kumi na mmoja alisimama kwenye lango lile, jua lake, mvua yake, na kila aliyefika alikutana na maswali yaleyale: unatoka wapi, umemfuata nani, una miadi? Ukishajibu anakuandika kwenye daftari, anakuvisha kadi ya kijani shingoni, anakuonyesha ngazi. Jioni aliivua sare akaitundika msumarini, lakini maswali hayakuwa na msumari wake, kwa hiyo alikwenda nayo nyumbani.

Mkewe akirudi sokoni alimkuta mlangoni: "Umebeba nini humo?" Binti yake akitoka shule: "Nani amekuruhusu saa hizi?" Siku moja shemeji zake watatu walikuja kumjulia hali akiwa amelala kochini. Akafumbua jicho moja, akawauliza kama wana miadi. Wawili walicheka mpaka wakashika mbavu. Wa tatu, ambaye ni mwepesi wa kununa, hakukanyaga pale kwa miezi miwili.

Watu walimvumilia kwa sababu alikuwa mtu mwema. Na mambo yangeendelea hivyohivyo kama siku moja asubuhi lisingebandikwa tangazo ukutani, hatua tano tu kutoka pale aliposimama yeye.

Tangazo lilisema kwamba mwisho wa mwezi lango litawekewa mti wa chuma unaojiinua wenyewe. Mwenye kadi ataigusisha, mti utanyanyuka, atapita. Bawabu anashukuriwa sana kwa utumishi wake. Chini yake palikuwa na karatasi nyingine ndogo zaidi: anatafutwa mpokea wageni mmoja, wa kukaa ndani, mezani, mwenye lugha nzuri na uzoefu na watu. Mahojiano Alhamisi, baada ya wiki mbili.

Bawabu aliisoma hiyo ndogo mara nne. Kisha akapeleka maombi yake makao makuu kama ilivyoelekezwa, na baada ya siku kumi akaitwa. Sasa hesabu yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Akiipata, anaingia ndani, chini ya paa, kwenye kiti chenye magurudumu. Akiikosa, mwisho wa mwezi anarudi nyumbani na miaka yake arobaini na tisa, na hakuna ofisi aliyoisikia inayotafuta mtu wa umri huo aliyebobea katika kusimama.

Mkewe alikuwa mwalimu wa chekechea. Mtu anayewanyamazisha watoto arobaini kwa kupiga makofi matatu haoni kwa nini mume mmoja amshinde.

"Tutafanya mazoezi," alisema. "Leo Jumatatu. Tuna siku tatu."

"Mazoezi ya nini?"

"Unaona? Ndiyo hayo."

Meza ya jikoni ikaletwa sebuleni. Binti, aliyekuwa kidato cha tatu na mwenye majibu ya kila kitu, akatafuta kwenye simu maswali ishirini ambayo wakubwa wa kazi hupenda kuuliza, akayanakili kwenye daftari. Tatizo likawa ni nani akae upande wa pili wa meza. Mkewe alikaa, lakini Bawabu kila akimtazama alicheka. Binti akakaa, baba yake akamtuma maji ya kunywa. Ndani ya nyumba ile alibaki mtu mmoja tu ambaye Bawabu hakuweza kumcheka wala kumtuma, naye ni mama mkwe, aliyekuja kwa wiki moja kutibiwa macho na sasa alikuwa anaanza mwezi wa tatu.

Mama mkwe hakuhitaji kubembelezwa. Alivaa miwani yake mipya, akaketi, akakunja mikono juu ya daftari. Bawabu akajikuta ameweka mikono katikati ya magoti.

"Karibu," akasema mama mkwe kwa sauti nzito ambayo hata mwanawe hakuwahi kuisikia.

"Ahsante, mama."

"Mimi hapa si mama. Mimi mkurugenzi."

"Ahsante, mkurugenzi."

"Hebu tueleze habari zako."

Bawabu akakohoa. "Habari zangu nzuri. Wewe umeamkaje?"

Binti akaficha uso kwenye mto wa kochi, mabega yakimcheza. Mama mkwe hata hakutikisika.

"Kwa nini unaitaka kazi hii?"

"Kwani kuna nani mwingine anayeitaka?"

Pa! pa! pa! Mkewe akapiga makofi yake matatu. "Baba watoto! Swali halijibiwi kwa swali!"

"Nani kasema?"

Ikawa hivyo mpaka usiku ukaingia. Akiulizwa anajiona wapi baada ya miaka mitano, anataka kujua nani atakuwa mkurugenzi wakati huo. Akiulizwa alifanya nini alipokosana na mwenzake kazini, anauliza mwenzake yupi. Wakafika kwenye swali la saba, lile ambalo binti alilipigia mstari kwa wino mwekundu.

"Udhaifu wako mkubwa ni upi?" akauliza mama mkwe, akaisukuma miwani juu ya pua.

Hapo Bawabu alitazama dari. Kusema kweli, ni mkwe gani mwenye akili timamu atakayekaa mbele ya mama mkwe amtajie udhaifu wake mmoja baada ya mwingine? Aliyachunguza mabati vizuri, akashuka ukutani, akaishia kwenye kucha zake.

"Sina, mama."

"Andika," mama mkwe akamwambia mjukuu wake. "Mwongo."

Mwishowe alivua miwani akatoa uamuzi. "Kazi hujaipata, mwanangu. Lakini usivunjike moyo. Kesho omba tena."

Jumanne aliomba tena, na tena hakuipata. Mama mkwe alikuwa ameanza kuonja utamu wa cheo. Alitaka kikombe chake cha chai kiletwe mezani kabla ya mahojiano, na mgombea asikae mpaka aambiwe. Nyumba ilicheka, Bawabu naye akacheka, lakini walipokuwa wakirudisha meza jikoni mkewe alimwona amesimama ameshika ncha yake ya meza, hainyanyui.

"Una nini?"

"Sijui niseme nini, mke wangu. Si kwamba nafanya makusudi." Akakaa juu ya ndoo iliyofunikwa. "Pale getini mimi ndiye ninayeuliza. Watu mia kwa siku wananijibu, wanapita. Hakuna anayenirudishia swali. Miaka kumi na mmoja. Sasa nikiulizwa mimi, naona kama anaulizwa mtu aliyesimama nyuma yangu."

Mkewe alipandwa na uchungu, maana yeye mwenyewe alijaribu kukumbuka mara ya mwisho alipomuuliza huyu mwanaume siku yake ilikwendaje, akasikiliza mpaka mwisho, na hakukumbuka. Akavuta kigoda akakaa karibu naye.

"Basi sikiliza. Ukiona swali lako linakupanda kooni, meza mate. Limeze nalo. Halafu sema lolote ambalo ni kweli. Hata kama ni fupi, hata kama ni la kijinga. La kweli tu."

"Tu?"

"Tu."

Jumatano alimeza mate mpaka binti akamhurumia akamletea maji. Lakini alijibu. Alijibu maswali tisa kati ya ishirini bila kuuliza hata moja, na mama mkwe, baada ya kumchunguza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, alitamka kwamba jina lake litafikiriwa. Nyumba nzima ikashangilia, na jirani akagonga ukuta kuuliza wamepata mtoto mwingine au vipi.

Alhamisi ikafika. Kinyozi wa mtaani alimnyoa bure na kumwongezea mawaidha ambayo hakuyaomba. Shati lilikuwa limenyooshwa mpaka likasimama lenyewe. Mkewe alimfunga tai, mama mkwe akaifungua akaifunga upya, binti akampiga picha, na Bawabu akaondoka nyumbani amenyooka, anatembea kwa hadhari kidogo ili asijikunje.

Langoni alisimama mfagiaji wa ua, aliyeombwa kushika zamu siku hiyo. Mfagiaji alikuwa ameipenda kazi ile ndani ya saa moja.

"Umemfuata nani?" akamuuliza kwa sauti kubwa.

"We, acha mzaha."

"Hapa hapana mzaha. Umemfuata nani?"

Bawabu akaandikwa kwenye daftari lake mwenyewe, kwa mwandiko wa mtu mwingine, akavishwa kadi ya kijani. Hakuwa amewahi kuivaa. Kamba yake ilikuwa inawasha shingo, na akajilaumu kwamba maelfu ya watu waliwashwa hivyo na yeye hakujua.

Ghorofa ya pili, kwenye benchi la nje ya chumba cha mikutano, walikaa vijana sita wenye mafaili ya plastiki. Waliingia mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetoka alitoka akipumua kwa nguvu. "Yupo mmoja mle ndani ana tai nyekundu," mmoja aliwaambia waliobaki, "huyo ni moto wa kuotea mbali. Anakuuliza mpaka unasahau ulikozaliwa." Saa tano na nusu Bawabu akabaki peke yake kwenye benchi, na karani akatoa kichwa mlangoni akayasoma majina yake kwenye orodha, yote matatu.

Akaingia. Mkurugenzi aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Ah, Bawabu. Sema. Kuna nini getini?"

"Hakuna kitu, mzee. Kumetulia."

"Vizuri. Basi hebu tuitie huyo wa mwisho. Karani ameshamwita, naona haingii."

"Sawa, mzee," akasema Bawabu, akageuka, akaufungua mlango, na mguu wake mmoja ulikuwa umeshatoka nje ndipo akili ilipomrudia. Miguu ilizoea kutumwa. Akaurudisha ule mguu ndani, akaufunga mlango polepole.

"Mzee," akasema. "Wa mwisho ni mimi."

Mkurugenzi alitazama karatasi, akamtazama yeye, akatazama karatasi tena. Alikuwa mtu mwenye haraka siku zote, si mtu mbaya, na aliona haya kidogo. "Kaa, kaa," akasema.

Walikuwa watatu upande ule wa meza. Mkurugenzi alikaa katikati. Kulia kwake alikaa mama mmoja wa makamo aliyetoka makao makuu, mkuu wa mambo ya ajira, mwenye miwani ya kamba. Kushoto ndiye huyo mwenye tai nyekundu, amenyooka, mkoba mkubwa miguuni, mbele yake karatasi iliyojaa alama alizowapa waliotangulia, kwa mwandiko mzuri kweli.

Mama wa makao makuu alianza. "Kwa nini unaitaka kazi hii?"

Swali likampanda kooni: kwani waliotangulia wamesemaje? Akameza mate. "Kwa sababu ile niliyo nayo inaondoka mwisho wa mwezi."

Yule mama alimtazama kwa juu ya miwani. Waliomtangulia wote walikuwa wamesema wanapenda changamoto. Akaandika kitu.

"Umefanya kazi na watu kwa muda gani?"

"Miaka kumi na mmoja. Waliokuja wamenuna wengi kuliko waliokuja wanacheka."

Ilikuwa inakwenda! Bawabu aliliona hilo mwenyewe, na moyo ukaanza kutulia. Ndipo mwenye tai nyekundu alipoegemea mbele, akaunganisha vidole vyake.

"Niambie," akasema. "Udhaifu wako mkubwa ni upi?"

Bawabu alimgeukia ili amjibu kwa heshima, na macho yake yakashuka shingoni kwa yule bwana, kama yalivyoshuka kwenye kila shingo kwa miaka kumi na mmoja. Mkurugenzi alivaa kitambulisho chake chenye picha. Mama wa makao makuu alivaa cha kwake cha bluu. Huyu alivaa tai. Bawabu akatafuta kwenye mfuko wa shati, akatafuta kwenye mkanda, akatafuta mezani. Hapakuwa na kadi.

Akameza mate. Swali halikushuka. Akameza tena. Aliwaza siku tatu za mama mkwe, aliwaza tai iliyofungwa mara mbili, aliwaza mkewe kwenye kigoda akimwambia aseme la kweli tu. Akameza mara ya tatu, na mate yakaisha.

"Udhaifu wangu," akasema, "ni kwamba siwezi kumwona mtu ndani ya jengo hili hana kadi nikanyamaza. Samahani sana, bwana. Umemfuata nani?"

Mkurugenzi akacheka kidogo, akamgeukia mama wa makao makuu. "Msamehe. Huyu mwenzako hakupitia getini?"

"Mwenzangu?" akasema yule mama. "Mimi nimekuja peke yangu. Huyu si wa kwenu?"

Wote watatu wakamtazama mwenye tai nyekundu. Naye, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakuwa na swali.

"Mimi nauza mita za maji," akasema.

Ikatoka habari yote. Alikuwa na miadi na mkurugenzi saa tatu. Aliingia kwa lango la nyuma, amepewa lifti na gari la mabomba, akaambiwa asubiri chumba cha mikutano. Akaketi. Wakaingia wakubwa wawili, wakamsalimia vizuri, karani akamletea chai na faili. Kijana wa kwanza alipoingia na kuanza kujieleza, yeye akadhani ndio utaratibu wa ofisi hii kumpima mfanyabiashara kabla ya kununua kwake. Wenzake walipomgeukia kama wanaomkaribisha aulize, akauliza. "Niliuliza yale niliyoulizwa mimi nilipoajiriwa," alijitetea. "Yalinitesa sana."

Mama wa makao makuu alivua miwani akafunika macho kwa kiganja, na mabega yake yakawa yanatetemeka. Alikuwa anacheka hana sauti. Mkurugenzi hakucheka. Uso wake ulikuwa umeiva, na Bawabu alipouona alijua ameumwaga unga wake. Umemwaibisha mkubwa wako mbele ya makao makuu, akajiambia, na kazi hiyo uiombe wapi tena? Akilini alimwona mkewe akipiga makofi yake matatu.

Lakini kazi ni kazi mpaka mwisho wa mwezi. Muuza mita alipoinuka na mkoba wake, Bawabu naye akainuka, akavua kadi ya kijani shingoni mwake, akamvika yule bwana. "Usubiri kwenye benchi hapo nje, mzee atakuita. Ukitoka uirudishe getini. Kamba inawasha kidogo, utuwie radhi."

Mlango ulipofungwa, mama wa makao makuu alijifuta machozi, akavaa miwani.

"Watu sita wamekaa kwenye kiti hicho leo," akasema. "Wote wamemjibu yule bwana, na sisi wawili tumekaa naye saa mbili nzima. Hakuna aliyemuuliza ni nani. Wewe umeuliza. Unamshuku kila mtu?"

Safari hii hakuna swali lililompanda. Jibu alikuwa nalo, alikuwa nalo miaka mingi.

"Hapana, mama. Si kumshuku. Mtu akiingia kwenye jengo kubwa anaogopa. Wengi wanaokuja hapa bomba limekauka wiki nzima, njiani wamepanga maneno ya ugomvi. Nikimuuliza umemfuata nani, anajua kuna mtu ameona kwamba amefika. Ugomvi unapungua hapohapo. Wengine hunieleza shida yote palepale, na akifika juu ameshapoa. Nauliza ili asipotee."

Yule mama alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alijipangusa paji la uso.

"Mimi sina la kusema," akasema. "Leo nimemnywesha chai mtu nisiyemjua, nikampa na alama za kutoa."

"Basi tumemaliza," akasema yule mama, akafungua ukurasa mpya. "Barua itaandikwa leo. Utaanza Jumatatu. Nitajie jina lako kamili, taratibu, nisikosee."

Bawabu alitaka kucheka na alitaka kulia, akaona bora ataje jina. Akalitaja lote: lake, la baba yake, la babu yake. Lilisikika vizuri mle ndani. Yule mama aliandika. Mkurugenzi alikuwa ameacha kalamu yake hewani.

"Miaka kumi na mmoja," akasema mkurugenzi.

"Naam, mzee."

"Na mimi kila asubuhi nakuita Bawabu. Hata leo jina lako liko mbele yangu hapa, nimekutuma ukajiite mwenyewe."

"Naam, mzee."

"Kwa nini hukuwahi kuniambia jina lako?"

Bawabu hakuwa na kinyongo, na sauti yake haikuwa nacho. Alijibu la kweli tu.

"Hukuwahi kuniuliza, mzee."

Mkurugenzi aliiweka kalamu mezani. Kwa kitambo alitazama dirishani, kule chini langoni ambako mfagiaji alikuwa akimkatalia mtu kuingia. Kisha akavuta kiti chake karibu na meza.

"Basi nakuuliza leo," akasema. "Unakaa wapi? Una watoto wangapi? Wazazi wako wapo?"

Na yeye akamjibu yote, moja baada ya jingine, bila haraka, na mama wa makao makuu hakumkatiza.